Nchi Yetu ya Udongo wa Kichuguu

Harufu ya mkonge unaooza ilitufikia kabla ya mkonge wenyewe. Ilikuja alfajiri na upepo wa umande, ule unaovuma kutoka bara kuelekea baharini kabla jua halijapanda, na ilikuwa harufu chachu, nzito, kama makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kisha mwenyewe akayasahau. Mwanzoni tuliisikia siku moja moja. Baadaye ikawa kila asubuhi, ikikaa kwenye nguo zilizoanikwa, ikiingia katika mtungi wa maji, hata chai ya rangi ikawa na ladha ya kitu kilichovunda. Ilitoka korona, ndicho kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, na korona ilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, katika shamba la wazungu ambalo sisi watoto hatukuwahi kuliona. Bibi yangu, Bi Mwantumu, alikuwa akifungua dirisha la mbao baada ya sala, anavuta pumzi moja, kisha analifunga tena. "Leo amesogea," alikuwa akisema, kama vile anamtaja chui. Nami nilijifunika kanga hadi puani nikiwaza ni mnyama wa namna gani huyo anayetembea kwa harufu.

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye stashahada ya uchoraji wa ramani. Niliipata Uingereza kwa jasho langu, katika baridi iliyonipasua midomo, bila mjomba serikalini wala shangazi mwenye nyumba ya ghorofa. Nimechora ramani za mito, za reli, za mipaka ya mikoa, na zimetundikwa katika ofisi ambazo waliotucheka utotoni hawakupita hata mlangoni. Katika kijiji chetu, kilichokaa kati ya Tongoni na Kigombe, hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefika nilikofika, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Watu wa pwani wataniambia najisifu. Ndiyo, najisifu. Nililelewa na watu wasiojisifu, na nitasimulia nilichokiona kikiwapata.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka ambao masika yalichelewa. Nilikuwa darasa la nne katika skuli yetu ya chumba kimoja iliyoezekwa makuti, wasichana tukiwa watatu tu kati ya wavulana tele. Mama yangu alikwisha kufariki, baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi na hatukumwona tena, kwa hiyo ulimwengu wangu ulikuwa bibi mzaa mama na shamba lake. Shamba lenyewe lilianzia kisimani nyuma ya skuli na kupanda hadi kilimani. Upande wa chini palikuwa na minazi, katikati mihogo na mbaazi, na juu kabisa palikuwa na konde lililopumzishwa, limeota vichaka, likisubiri zamu yake ya kulimwa. Mgeni angeona pori. Sisi tulijua ni udongo uliolala. Kando ya vichaka hivyo palikuwa na makaburi ya watu wetu, yamezungushiwa mawe ya tumbawe, na mama yangu alikuwa mmoja wao.

Mwalimu wetu aliitwa Elia, Mbondei kutoka Muheza, kijana mrefu, kaptura yake ikiwa imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate. Aliipenda jiografia kama wengine wanavyopenda halua. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, tulisimama na kuiimba nchi: mashariki Bahari ya Hindi, kaskazini Kenya na Uganda, magharibi Ruanda-Urundi na Kongo ya Wabelgiji, kusini Rhodesia ya Kaskazini, Nyasa na Msumbiji ya Wareno. Tuliimba maziwa, tukaimba mito, Pangani, Rufiji, Ruvuma. Tuliimba hali ya hewa: kaskazi huvuma wakati wa kiangazi, kusi huja na masika, vuli ni mvua ndogo, nchi ya juu ni baridi, nchi ya pwani ni joto na unyevu. Mwaka ule tulipofika kwenye masika sauti zetu zilipungua zenyewe, maana nje mbingu ilikuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa, na mwezi wa kupanda ulikuwa unapita. Kisha tuliimba uchumi, na hapo mwalimu alitaka tupaze sauti hadi makuti yatikisike: "Utajiri wa Tanganyika ni nini?" Nasi tunajibu, "Mkonge!" "Unatoka wapi?" "Tanga!" "Unakwenda wapi?" "Ulaya!"

Mimi nilikuwa wa kwanza kushika yote hayo, na hakuna aliyenikaribia. Bakari, mtoto wa jumbe, ambaye alirudia darasa la nne hadi ndevu zikaanza kumtania, alikuwa akinichokoza njiani. "Mwanaidi, ramani utaipika? Mumeo akirudi na njaa utampakulia Kilimanjaro?"

"Nitampakulia. Wewe utapakuliwa sifuri zako, unazo za kutosha kilemba na kanzu."

Nyumbani niliyarudia masomo yangu mbele ya bibi akikuna nazi. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mtu habari za mji asioutarajia kuufika. Barafu juu ya Kilimanjaro hakuikubali. Barafu aliiona Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, dukani, imefunikwa kwa gunia na pumba za mbao, na bado ilikuwa ikilia machozi. "Juu ya mlima, karibu na jua, nani anaifunika?" Nilipomwambia mkonge ndio utajiri wa nchi, aliacha kukuna. "Utajiri wa nani?" Nikasema wa Tanganyika. "Huyo Tanganyika anakaa mtaa gani?" Nikamweleza habari ya bendera, ile nyekundu yenye alama ya Waingereza pembeni na kichwa cha twiga ndani ya duara. Kuhusu twiga aliniuliza mambo mengi, kwa kuwa hakuwahi kumwona. Ana pembe? Anauma? Analiaje? Nikamwambia mwalimu amesema twiga hasikiki akilia, ni mnyama wa kimya. Bibi alikaa na mbuzi yake ya kukunia, mikono imetulia. "Wanyama wote wa Mungu," akasema, "wakachagua bubu."

Ikaja habari kwamba Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, atatembelea skuli. Mwalimu Elia hakulala. Aliamua kwamba wanafunzi wake watamwonesha Bwana Shauri nchi nzima ikiwa chini ya miguu yake. Tulisafisha uwanja mbele ya skuli, tukaleta udongo wa kichuguu kwa makarai, tukaukanda kwa maji ya kisimani, na tukaijenga Tanganyika, kubwa kuliko chumba cha kulala, na milima iliyosimama kweli. Kilimanjaro tuliipaka chokaa kileleni. Maziwa tuliyachimba na kuyapaka buluu ya kufulia. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilikuwa vijiti vya makuti, kahawa ilikuwa mbegu za mbaazi, pamba ilikuwa sufi ya mito ya kulalia. Na mkonge? Bakari alitumwa akachume ncha za majani ya mkonge, zile nyeusi kama sindano, na tukazichomeka wima katika udongo kuanzia Korogwe hadi pwani. Zilipokwisha kusimama zote, mimi nilirudi nyuma niitazame kazi, na mwili ukanisisimka. Nchi nyingine yote ilikuwa inapendeza. Kwetu palikuwa na miiba tu.

Wakati tukikanda udongo, mambo yalianza kutokea ambayo hayakuwa katika somo la mwalimu. Nguruwe mwitu walishuka mchana kweupe wakala mihogo. Tumbiri waliingia vijijini wakiwa wamekonda na watoto migongoni. Nyoka walionekana majikoni, si mmoja, na mwanamke mmoja wa jirani alimkuta swila amejikunja ndani ya kinu. Wazee walisema ni ukame. Lakini bibi alisema mnyama hakimbii ukame kwa kuja mahali pasipo na maji. Anakimbia kitu kilicho nyuma yake. Usiku kulipotulia tuliweza kusikia, mbali sana ng'ambo ya kilima, nyimbo za manamba, wale vibarua wa mikataba walioletwa kutoka bara, wakiimba kwa lugha tusizozijua. Walikuwa wakifyeka. Wiki baada ya wiki nyimbo zile zilisikika wazi zaidi, hadi nikaweza kutofautisha sauti ya mwimbishaji na ya waitikiaji.

Kisha wakaja wapimaji, na chombo chao cha miguu mitatu, na mnyororo, na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Leo najua jina la kila chombo walichobeba na nimekitumia kwa mikono yangu. Siku ile niliona tu watu wanaofumba jicho moja na kuitazama ardhi yetu kwa lile jingine. Pamoja nao alikuwapo karani mmoja mwenye kanzu na koti, mtu wa Tanga mjini, mwenye ulimi wa pwani kama wetu. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Alimkuta Mzee Shehe, jirani yetu, anasuka ungo wa kukausha dagaa.

"Shamba lile la kilimani ni la nani, mzee?"

"La Mungu, bwana."

"Na hili la minazi?"

"La Mungu pia. Sisi tunakula tu."

"Mungu anayo mashamba mengi huku," karani akasema, na wapimaji wakacheka, na Mzee Shehe naye akacheka kwa adabu, akawakaribisha madafu.

Msomaji wa bara au wa leo atadhani wazee wetu walikuwa wajinga. Hawakuwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya pwani. Mtu muungwana haulizwi mbele za watu ana nini, na akiulizwa hasemi. Ukimsifu mtoto wa mtu bila kusema mashaallah, mama yake anakuona adui. Ukihesabu minazi ya mtu kwa kidole, unamtakia ukame. Kijicho, yaani husuda inayopita machoni, kilikuwa kwetu ugonjwa kama homa, na dawa yake ilikuwa kunyamaza. Kila mtu kijijini alijua shamba lipi ni la nani, mpaka wa kila mmoja, mnazi uliopandwa na babu gani. Kwa kuwa kila mtu alijua, hapakuwa na haja ya kusema. Na yule karani, mtu wa pwani, alijua vizuri kabisa maana ya jibu alilopewa. Aliyapokea maneno, maana akaiacha palepale kwenye ungo wa Mzee Shehe.

Bibi alikuwa na sababu zaidi ya adabu. Alinisimulia mara moja tu, akinisuka nywele ili nisimwone uso. Zamani, mwaka minazi ilipozaa sana, mgeni alimuuliza babu yangu mali yake, na babu, aliyekuwa kijana mwenye kifua mbele, alimzungusha mgeni shamba zima akimwonesha hiki changu, hiki changu. Kabla ya Ramadhani kufika walizika watoto wawili wa kiume kwa homa moja. Akabaki mama yangu, naye bibi alimlea kama anayeficha moto chini ya chungu. Hata hivyo alikufa akinizaa mimi. "Mdomo huponza kichwa," bibi alisema. "Lakini si lazima kiwe kichwa cha mwenye mdomo."

Jioni moja Mwalimu Elia alikuja kwetu. Alibisha hodi, akamwamkia bibi shikamoo, akakaa kwenye mkeka kwa shida kwa sababu ya kaptura ile. Bibi alimpa kahawa chungu na tende. Mwalimu hakuzunguka.

"Mama, wapimaji wamefika kisimani. Nimeambiwa siku ya ziara Bwana Shauri atauliza mwenye ardhi. Akikosekana mwenyewe, ardhi inakuwa ya serikali, na serikali itaikodisha kwa shamba la mkonge. Useme ni lako. Neno moja tu."

"Mwalimu, kunywa kahawa."

"Mali bila daftari hupotea bila habari, mama."

"Na mali yenye kelele hupotea na mwenyewe." Bibi alimwongezea kahawa. "Baba, wewe ni mgeni mwema, unamfundisha mtoto wangu. Lakini umewahi kuzika mtoto?"

Mwalimu alisema hajaoa.

"Basi ukioa, njoo tena tuzungumze."

Alipoondoka nilimwangukia bibi. Nilimweleza yote niliyofundishwa, nani anatawala, ardhi ya umma ni nini, mkonge ukishapandwa haung'olewi kwa miaka mingi. Nilimwambia makaburi yatafyekwa. Aliniambia niingize kuku ndani. Lakini usiku ule alikaa ukumbini bila taa, na kila nilipozinduka nilisikia shanga za tasbihi zikipita vidoleni mwake.

Siku ya ziara harufu ya korona ilikuwa kali hata upepo wa bahari haukuifukuza. Bwana Shauri alikuja na gari lililofunikwa vumbi, soksi ndefu, kofia ngumu, uso mwekundu wa mtu asiyezoea joto na unyevu, kama tulivyokuwa tukiimba. Mkalimani wake alikuwa yule yule karani wa kanzu na koti. Bendera ya twiga ilipandishwa kwenye mlingoti wa mwanzi, haikupepea. Wazee walikaa mbele na jumbe wao, wanaume nyuma yao, wanawake pembeni chini ya kivuli cha ukuta, na bibi kati yao, amejitanda kanga mbili. Mimi nilivaa gauni lililoshonwa upya na nilipewa fimbo ya kuonyeshea.

Nasema bila kificho kwamba sijawahi tena katika maisha yangu kufanya kazi kwa ufasaha kama siku ile, na nimesimama mbele ya maprofesa. Niliizunguka Tanganyika mguu pekupeku bila kukanyaga hata kijito. Nilitaja mipaka, milima, majira ya mvua, mazao, bandari, reli, na alama ya twiga. Sikukosea hata neno. Bwana Shauri alipiga makofi, akasema kitu, na mkalimani akakigeuza: "Bwana anasema hajaona mtoto mwenye akili kama huyu katika jimbo zima. Anasema mtoto huyu atafika mbali." Watu wakaguna kwa furaha. Hakuna aliyesema mashaallah. Nani amkumbushe mzungu? Lakini upande wa wanawake nilimwona bibi akitema mate kidogo, mara tatu, ndani ya kanga yake.

Kisha Bwana Shauri alizungumza kwa muda mrefu, akiuelekeza mkono kilimani. Mkalimani akasema, "Bwana anasema ardhi ile, kutoka kisimani hadi juu, wapimaji wameambiwa haina mwenyewe. Anataka kutenda haki. Kama ina mwenyewe, asimame sasa, mbele ya watu wote, ajitaje."

Jumbe aliinuka taratibu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mwambie Bwana, ardhi ni ya Mungu."

"Ya Mungu," wazee wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kama dua inavyoitikiwa.

Mkalimani akatafsiri. Bwana Shauri akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayefunga jambo. Nilikuwa bado nimesimama katikati ya nchi na fimbo mkononi, na sikumngoja mtu yeyote.

"Si kweli! Ile ni ya bibi yangu! Bi Mwantumu! Kuanzia kisimani, minazi, mihogo, na konde la juu, na makaburi ni ya kwetu, mama yangu yuko pale!"

Kuna mtoto aliyecheka kwa woga. Jumbe alisema, "Astaghfirullah, mtoto wa kike huyu." Mwalimu Elia alifumba macho. Bwana Shauri alitafsiriwa, akatabasamu, akauliza huyo bibi yuko wapi, na wanawake wote wakageuka, hata bibi akakosa pa kujificha. Akasimama.

"Bi mkubwa," akasema mkalimani, safari hii kwa upole, "mtoto anasema shamba ni lako. Ni kweli? Sema neno."

Bibi hakumtazama yeye wala mzungu. Alinitazama mimi, kutoka utosini hadi kwenye vidole vyangu vyenye udongo, kama anayepima nguo. Watu wote walikuwa wakinitazama pia, macho ya kijiji kizima na ya wageni, mtoto aliyetoka kusifiwa bila jina la Mungu na sasa ametaja mali kwa kelele. Niliona midomo yake ikitetemeka, nikadhani anatafuta ujasiri wa kusema, "Ni langu."

"Mtoto huyu si mzima, Bwana," akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Skuli imemvuruga. Mimi ni maskini, sina shamba, sina chochote. Hata mtoto mwenyewe si wangu, nilimwokota jaani. Ardhi ni ya Mungu." Akaketi.

Mkalimani aliyafikisha maneno yote, moja moja, bila kuacha hata moja. Nakumbuka alipomaliza aliinamisha kichwa akajifuta shingo kwa leso. Naamini alijua pia maana ya jaa: kwetu, mwanamke aliyefiwa na watoto humwita aliyebaki takataka, ili mauti yasimwonee tamaa.

Mimi sikulijua hilo. Nililia njia nzima. Nyumbani bibi hakunipiga, hakunigombeza. Alitia ubani kwenye chetezo, akanifukiza, akanizungushia chumvi na pilipili kavu kichwani akinong'ona aya, akavitupa motoni. Pilipili zilipasuka bila kututoa chafya, na hilo lilimwogopesha zaidi, kwa sababu ndiyo ilikuwa dalili ya jicho kali.

"Umelitupa shamba, bibi," nilisema.

"Nimetupa mchanga."

"Ni shamba la mama!"

"Mchanga hauniiti bibi," akasema, akaenda kuteka maji.

Hatimaye masika yalifika, na yalifika kwa hasira. Mvua ilinyesha usiku na mchana hadi uwanja wa skuli ukawa bwawa. Tulisimama mlangoni tukitazama Tanganyika ikiyeyuka: Kilimanjaro ikainama, ziwa likamwagikia ziwa, buluu ikachanganyika na chokaa, reli ikaelea. Mvua ilipokatika, palibaki tope tupu, na ncha nyeusi za mkonge, zimesimama wima kama tulivyozichomeka. Baada ya hapo vilikuja vigingi vyekundu hadi nyuma ya choo chetu, na kiangazi kilipoingia likaja katapila. Lilifunga mnazi kwa mnyororo na kuung'oa na mizizi yake kama mtu anavyong'oa jino. Bibi alikuwa akianua mihogo. Hakuinua kichwa.

Tulihamia Ngamiani, katika chumba kimoja uani kwa ndugu yake, na bibi akawa anapika vitumbua kabla ya alfajiri na kuviuza barabarani kwa wapita njia na waendesha baiskeli. Kwa vitumbua hivyo nilimaliza skuli ya mjini, nikaingia skuli ya wasichana, nikawa mwalimu, kisha mwanafunzi tena Ulaya, kila ngazi nikiipanda peke yangu, na kila nilipofaulu nikimwandikia bibi naye akijibu kwa mkono wa mtu mwingine kwamba nisiwaambie watu. Hakulitaja shamba hadi alipokufa. Alizikwa mjini, mbali na mwanawe, kwa kuwa makaburi yetu yalikuwa ndani ya mistari ya mkonge na hatukujua tena ni mstari upi.

Nimerudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Mkonge ulishuka thamani, korona ikafungwa, mabati yakaibwa, na shamba lile kubwa likaachwa lijae majani, kisha likaanza kukatwa viwanja. Nimekipata kipande kilimani, kwa kazi yangu, na hati ina jina langu kamili na jina la bibi yangu. Nimekipima mwenyewe ili asiwepo wa kukosea. Vijana wa siku hizi ni tofauti nasi. Wanapiga picha nyumba zao zikiwa bado msingi, watoto wao wakiwa bado na siku saba, wanazisambaza duniani kote, na hakuna anayetema mate ndani ya kanga. Ardhi haipotei tena kwa adabu. Inapotea kwa njia nyingine, mahakamani, kwa kelele. Udongo wangu umechoka. Mkonge umeunyonya hadi mihogo inatoka myembamba kama vidole vya mgonjwa, na wataalamu wameniambia itachukua miaka mingi kuupumzisha. Nimewaambia najua namna ya kupumzisha udongo.

Jioni nakaa barazani na kuwaza hesabu ambayo stashahada yangu haikunifundisha. Sisadiki kwamba jicho la mzungu mwenye soksi ndefu lingeniua. Nimesoma vya kutosha nisisadiki. Lakini watoto wa bibi yangu walikufa wote, na mimi, niliyeitwa takataka mbele ya wilaya nzima, nimezika rika langu lote na bado nasoma bila miwani. Siku ile uwanjani mimi ndiye niliyesema kweli, peke yangu, nikiwa mtoto, na hilo nitalisema mpaka nifukiwe. Bibi naye aliniangalia, akaiangalia ardhi, akajua kwamba sauti yake ina nguvu ya kuokoa kimoja tu.